Muhuri na Herufi Moja

Droo ya juu ya meza yangu ilikuwa na kufuli. Ndani yake mlikaa kibati cha wino wa bluu, kitabu cha risiti na muhuri wa duara wenye jina la hospitali. Ufunguo tulikuwa nao wawili tu, mganga mfawidhi na mimi. Tangu mwaka 1994 hadi nilipostaafu mwaka 2021 nilikuwa karani wa hospitali moja ya misheni katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, na dirisha la ofisi yangu lilitazama mashamba ya ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlimani ili mvua isibebe udongo. Mvua za huku zikishaanza mwezi Novemba, karatasi zote hupata unyevu, na ukigonga muhuri kwa nguvu wino unatawanyika. Nilijifunza kuugonga taratibu: unauegemeza kidogo kushoto, kisha kulia, ndipo duara litoke lote na maandishi yasomeke.

Kazi kubwa ya muhuri ule ilikuwa barua za rufaa, fomu za bima na vyeti vya kifo. Lakini kila mwaka walikuja pia vijana wawili watatu wanaosomea udaktari Ujerumani. Uhusiano huo ni wa siku nyingi. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, na ukiacha miaka ya vita, watu na mizigo havijaacha kwenda na kurudi kati ya Bavaria na Ruvuma. Mwanafunzi wa udaktari wa kule anadaiwa na sheria ya kwao miezi minne ya mazoezi ya kazi wakati wa masomo, na mwaka wake wa mwisho ni wiki 48 za kazi za wodini, zilizogawanywa mafungu matatu. Sehemu ya muda huo anaruhusiwa kuifanyia nje ya nchi. Basi walikuja kwetu, wakakaa miezi miwili au mitatu, na siku ya kuondoka walileta fomu ya ukurasa mmoja. Mganga mfawidhi alisaini, mimi nikagonga muhuri. Huko kwao siku hizo zikahesabiwa. Sikumbuki hata mara moja kupigiwa simu na mtu wa Ujerumani akiuliza kama hospitali yetu ipo kweli.

Nimeanza na hilo kwa sababu miaka mingi baadaye muhuri huohuo, kwa mkono huuhuu, niliugonga kwenye karatasi za binti wa kaka yangu, na ilichukua muda mrefu mpaka uaminiwe.

Mimi si mtu wa milimani kwa kuzaliwa. Kwetu ni ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, ambako asubuhi unaweka mtego wa samaki aina ya vituwi na jioni unaona taa za wavuvi zimejipanga majini hadi zinachanganyika na nyota. Bibi yangu alitusimulia habari za meli ya misheni ya Waanglikana, Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901 na kupewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilihili mwaka 1895. Ilipita vijijini na wahubiri, walimu na dawa. Bibi alikuwa msichana mdogo alipong'olewa jino na Mwingereza mmoja aliyeshuka kwenye meli hiyo. Alituonyesha pengo. Alisema Mwingereza yule alikuwa na mikono baridi na hakuzungumza neno hata moja mpaka jino likatoka. Hakuna aliyemuuliza alisomea wapi. Mtu alikuwa na uvimbe shavuni, na meli haikuwa inarudi hadi mwezi mwingine.

Nilikulia katika imani hiyo, kwamba anayekuja kutibu haulizwi. Niliibeba hadi ofisini. Katika miaka yangu ya mwanzo kijana wa Ulaya aliandika barua, tukamjibu karibu, akafika Songea kwa basi na pasipoti yenye viza ya utalii, na kesho yake alikuwa wodini amevaa koti jeupe. Tuliona ni ukarimu. Mimi mwenyewe niliwapikia chai.

Mwaka 2004 niliazimwa kwa miezi michache na hospitali nyingine, ambayo sitaitaja. Usiku mmoja niliamshwa kufungua stoo ya dawa. Tabibu pekee wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwenye uzazi pingamizi, na wodi ya watoto alikuwa ameachiwa mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa mwaka wake wa tatu chuoni. Palikuwa na mtoto wa miaka mitatu hivi, mwenye malaria kali na degedege. Siku hizo dawa ya malaria kali ilikuwa kwinini ya dripu. Kila muuguzi wa Ruvuma alijua kwamba kwinini hushusha sukari mwilini, na kwamba dripu ile haikimbizwi, inakwenda saa nne nzima tone kwa tone. Kijana yule hakujua. Kwao malaria aliisoma kitabuni. Aliifungua dripu kama anayemwongezea mtu maji, akaenda kumtazama mgonjwa mwingine.

Nilipopita na boksi la glovu, muuguzi mmoja mzee alikuwa amesimama kitandani ameshika mkono wa mtoto. Aliniambia bila kugeuka, "Lete glukosi. Kimbia." Mkono wa mtoto ulikuwa umelowa jasho la baridi, macho yako wazi lakini hayamwoni mtu. Nilikimbia. Muuguzi akaifunga dripu, akampiga glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna ile.

Asubuhi mama wa mtoto alikuja na mayai manne kwenye kitambaa. Alimtafuta yule kijana, akapiga goti, akasema, "Ahsante sana, daktari." Kijana alimwangalia muuguzi, muuguzi akaangalia chini, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikakaa kimya. Hakuna aliyemwambia mama yule kwamba aliyemshukuru hakuwa daktari, na kwamba aliyestahili mayai ni mwingine. Kimya hicho ninacho hadi leo.

Ndiyo maana sheria zilipokaza kamba sikuungana na walionung'unika. Mwaka 2015 ilipitishwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, inayompa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kutoa vibali vya kazi. Mwaka 2017 ikaja sheria mpya ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Kwa sisi makarani maana yake ilikuwa hii: mgeni anayeajiriwa apate kwanza kibali cha kazi, kisha kibali cha ukaazi daraja B. Anayekuja kusoma, kujitolea, kutafiti au kwa shughuli za misheni huombewa daraja C. Na haidhuru ana kibali gani cha Uhamiaji, hamgusi mgonjwa mpaka Baraza la Madaktari Tanganyika limsajili kwa muda, likiwa limeona barua ya chuo chake, mwaka wa masomo aliofikia, na jina la daktari wetu atakayemsimamia. Kila karatasi ilikuwa na nafasi ya kueleza nani anamjibia nani. Kabla ya hapo mgeni alijibiwa na hewa.

Mwaka 2018 alikuja msichana mmoja, hodari na mwenye haraka, na usajili wake ukachelewa. Wiki tatu alikaa akikunja shashi, akipanga majalada ya wagonjwa, akitembea hadi kijijini na kurudi. Siku moja alikuja ofisini akiwa na machozi ya hasira. Alisema amelipa nauli kwa kufanya kazi ya usiku mwaka mzima, watu wanaumwa, naye anazuiwa na karatasi. Nilimkalisha, nikamsimulia habari ya dripu ya kwinini. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mtoto yule sasa ana umri gani?" Nikapiga hesabu: kumi na saba. Alirudi kukunja shashi, na usajili ulipotoka alikuwa mwanafunzi mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwaona. Aliuliza kabla ya kufanya.

Kuna jambo moja ambalo hata sheria hizo hazikuligusa kwetu, nalo ni lugha. Nakumbuka kijana aliyekuja na kamusi ndogo mfukoni, amejifunza majina ya viungo vyote. Bibi mmoja kutoka Hagati akamwambia anaumwa "chembe ya moyo". Kijana alikamata neno moyo, akaweka stethoskopu kifuani, akasikiliza kwa dakika nzima, akaandika kwenye jalada kwamba mgonjwa analalamikia moyo, apimwe mapigo. Muuguzi alichukua mkono wake kwa upole akauteremsha hadi juu ya tumbo, pale mbavu zinapokutana. "Hapa," akasema. "Chembe ya moyo ni hapa." Bibi alikuwa na vidonda vya tumbo. Hakuna madhara yaliyotokea, kwa kuwa muuguzi alikuwepo. Lakini niliwaza: siku asipokuwepo?

Sasa nifike kwa binti wa kaka yangu.

Kaka yangu ni mvuvi, na ana ekari mbili za kahawa alizorithi mkewe milimani. Mtoto wao wa tatu alisoma udaktari hapahapa nchini miaka mitano, akafanya utarajali wa mwaka mmoja, akapata leseni, kisha akaja kufanya kazi kwetu kwa mkataba mdogo. Usiku alikuwa peke yake na wagonjwa mia. Alitaka ubingwa wa watoto. Nchini ubingwa ni miaka mitatu ya chuo, na asiye na mfadhili hulipa ada huku hana mshahara. Ujerumani daktari anayesomea ubingwa ni mwajiriwa. Anafanya kazi miaka mitano ya ubingwa wa watoto akilipwa. Mmoja wa wale vijana niliowagongea muhuri, ambaye sasa alikuwa daktari kamili katika hospitali ya mji mdogo wa Bavaria, alimwandikia kwamba kwao nafasi zipo.

Siku aliponionyesha barua hiyo tulikaa kibarazani kwangu. Aliniambia, "Shangazi, wewe ndiye unayejua karatasi. Nisaidie."

Nikamwambia, "Leta vyote ulivyo navyo, mwanangu. Hata cha ubatizo."

Alileta bahasha ya kaki. Nilivipanga mezani kwa mfuatano, kama ninavyopanga jalada la mgonjwa: ubatizo, kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita, shahada, utarajali, leseni, kitambulisho cha taifa, pasipoti. Nikaanza kusoma jina herufi kwa herufi. Kwenye cheti cha ubatizo na cha kuzaliwa jina lake lilimalizika kwa s moja. Kwenye cheti cha kidato cha nne zilikuwa s mbili. Kidato cha sita kilifuata cha nne, shahada ikafuata cha sita, leseni ikafuata shahada. Kitambulisho na pasipoti vilifuata cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo tulikuwa na watu wawili. Mwenye s moja alikuwa amezaliwa na anaweza kusafiri. Mwenye s mbili alikuwa daktari.

Kosa lilianzia shuleni, pale mwalimu fulani alipojaza fomu za usajili wa mtihani kwa kusikia. Darasa lilikuwa na watoto wengi, naye aliita jina, mtoto akaitika, akaandika anavyoandika yeye. Mtoto wa miaka kumi na sita ataona nini? Aliiona s ya pili akafikiri labda ndivyo inavyoandikwa kwa usahihi.

Kwetu hapa tofauti hiyo haijamzuia kuzalisha mama hata mmoja. Wote tunajua ni yeye. Lakini afisa aliyekaa Ulaya mbele ya jalada hamjui baba yake, hajui nyumba yao iko karibu na mwembe upi. Ana karatasi tu, na karatasi zinamwambia kwamba hawa ni wawili. Wakili wa Songea alitueleza kwamba vyeti vya elimu vimekwisha kutolewa vingi, ni rahisi zaidi kumbadilisha mtu kuliko kubadilisha vyeti. Tukaandika hati ya kiapo, kisha hati ya kubadili jina iliyosajiliwa serikalini, kisha kitambulisho kipya, kisha pasipoti mpya. Safari ya Songea ni kilomita mia moja, ya Dar es Salaam ni zaidi ya 900, na barabara ya kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay, kilomita 66, wakati huo haijakamilika kwa lami. Kila kiapo kilikuwa nauli. Fedha ya kahawa ya msimu mzima ilikwenda kwenye herufi moja. Kaka yangu alikuja na ile ya mwisho ameifunga kwenye leso, akanikabidhi, akasema, "Dada, mimi jina nilimpa moja tu."

Kijerumani alijifunza kwa simu, usiku, baada ya zamu. Mtihani wa ngazi inayotakiwa kwanza aliufanyia Dar es Salaam, kwenye Goethe-Institut. Alikuwa akinisomea maneno kibarazani, na ndipo nilipojua kwamba neno "shule" tulilolitumia maisha yetu yote ni lao, tulibaki nalo walipoondoka. Halafu kuna mtihani wa pili, wa lugha ya kitabibu, unaosimamiwa na chama cha madaktari cha jimbo analokwenda. Alinieleza: una sehemu tatu za dakika 20. Kwanza unaongea na mtu anayejifanya mgonjwa. Kisha unaandika ripoti yake. Kisha unamweleza daktari mwenzako. Usipoelewa mgonjwa anachosema, kwa maneno yake mwenyewe ya mtaani, umeanguka, hata kama unajua tiba yote.

Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi wa Hagati na chembe yake ya moyo. Mjerumani akiumwa, sheria ya kwao inahakikisha kwamba daktari mgeni anaelewa anaposema panauma wapi. Naona ni haki kabisa. Natamani ingekuwa hivyo kwa bibi yule pia. Wageni wote niliowapokea, sikuona hata mmoja aliyepimwa Kiswahili kabla ya kuingia wodini, achilia mbali Kimatengo au lugha za ufukweni.

Mwaka 2022, nikiwa nimestaafu, niliitwa hospitalini. Ofisi moja ya Ujerumani ilikuwa imeuliza kuhusu karatasi mbili za hospitali yetu: barua ya kuthibitisha kazi ya binti yetu niliyoigonga mwenyewe, na nakala mpya ya barua hiyo iliyotolewa na karani aliyenirithi. Mihuri haikufanana. Baada ya mimi kuondoka hospitali ilichonga muhuri mpya, wenye maandishi yaliyopangwa tofauti. Nilipanda pikipiki hadi milimani, nikakaa tena kwenye ile meza. Katika droo ya chini nilikuta daftari ambalo nilikuwa nikiandika kila barua iliyotoka: namba, tarehe, anayeandikiwa. Barua yake ilikuwemo. Na ukurasa uleule, mistari michache juu yake, ilikuwemo fomu ya msichana wa shashi. Muhuri mmoja, kalamu moja. Ile ya juu ilipokelewa siku ilipofika. Tulipiga picha ukurasa, mganga mfawidhi akaandika maelezo kwamba mihuri yote miwili ni halali, ikatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, ikatumwa.

Sikasiriki kwamba waliuliza. Mimi ndiye niliyekaa kimya mlangoni mwaka 2004. Siwezi kumlaumu anayeuliza. Ninachokiona ni kwamba gharama ya kuulizwa haiko sawa. Kijana wa kule aliyetaka kuja kwetu, chuo chake kilimwandikia barua, jina lake lilikuwa limeandikwa namna moja tangu siku aliyozaliwa, na kukataliwa kwetu kungemgharimu likizo. Binti yetu kila swali lilimgharimu msimu.

Nilikuwa na mwenzangu kazini, Daktari Msaidizi, ambaye habari yake hunijia nikiwaza haya. Alianza kama tabibu, akafanya kazi miaka kadhaa, akarudi chuoni miaka miwili. Kwa elimu hiyo alipasua akina mama usiku na mchana kwa miongo miwili. Wageni wote wa upasuaji walijifunzia mkononi mwake. Aliwaonyesha jinsi ya kukata ngozi, jinsi ya kufika kwa mtoto haraka bila kugusa kibofu. Wengine wao leo ni mabingwa Ulaya. Cheti chake kilitambuliwa Tanzania na kazi yake ilitambuliwa na kila kijiji kuanzia Litembo hadi Lituhi, lakini ng'ambo kada yake haina jina. Kijana mmoja aliwahi kumwambia kwa moyo safi, "Njoo ufanye kazi kwetu." Alitabasamu, akaendelea kunawa mikono.

Watu wameniuliza, tena kwa uchungu: kwa nini nilimsaidia daktari kuondoka, wakati huku kwetu kuna uhaba? Swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya ng'ambo mwaka 2010, na katika orodha yake ya mwaka 2023 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 55 ambako mataifa mengine hayatakiwi kwenda kuvuna watumishi. Orodha hiyo haimzuii mtu kuomba mwenyewe. Na nakumbuka Machi 2017, Kenya ilipotuomba madaktari 500 baada ya mgomo wa siku 100 wa madaktari wake. Waliojitokeza kwetu walikuwa wengi. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, mpango ukazuiwa, na Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wamekidhi vigezo waajiriwe hapahapa mara moja. Mmoja wao alikuwa akijitolea kwetu. Nilifurahi, na papo hapo nikajiuliza: kama walikuwepo 258 wenye sifa zote, tayari kuvuka mpaka, walikuwa wapi siku zote zile binti yetu alipokuwa peke yake usiku? Walikuwa nyumbani kwao, wakingoja ajira. Mtu anayezuiwa kuondoka sharti kwanza awe na mahali pa kubakia.

Binti yetu aliondoka. Anafanya kazi kwa kibali cha muda, kile ambacho hutolewa kwa muda usiozidi miaka miwili, chini ya usimamizi, huku akijiandaa kwa mtihani wa kuthibitisha kwamba elimu yake inalingana na ya kwao. Mtihani huo ukianguka unaweza kuurudia mara mbili tu. Hunipigia simu Jumapili. Hueleza habari za theluji kidogo, na za watoto wodini kirefu. Juzi aliniambia kuna mwanafunzi wa hapo anayetaka kuja Mbinga. "Nimemwambia aanze kuomba usajili mapema, Shangazi," akasema. "Na nimeanza kumfundisha Kiswahili. Nimeanza na chembe ya moyo."

Mimi nimerudi ufukweni. Serikali ilipoanza kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, vyeti vikatolewa kliniki na ofisi za kata, vikijazwa kwa mkono. Niliomba kusaidia siku za kliniki, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri na macho bado yanaona. Nakaa chini ya mwembe, meza ndogo, kalamu mbili. Wiki iliyopita alikuja mama kijana na mtoto mgongoni amelala, miguu inaning'inia. Nikamuuliza jina la mtoto. Akalitaja.

"Linaandikwaje, mama?"

"Andika tu unavyosikia, Bibi."

Niliweka kalamu chini. Nikamwomba kadi ya kliniki, na kitambulisho cha baba, na nikamtuma mtoto mmoja mkubwa akamwite baba mwenyewe huko kwenye mitumbwi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake na jua lilikuwa limepanda. Tulimsubiri.